Ubao huu ni wa mti gani? Namna ninavyousoma kwa hadubini hapa Tanga

Mwaka jana, kabla mvua za vuli hazijaanza, mtoto wa jirani yangu hapa Makorora aliniletea kijipande cha mbao ndani ya karatasi ya sigara. Kijana ni seremala. Kipande kilikuwa kifupi kuliko njiti ya kibiriti, upana wake milimita nne hivi, upande mmoja rangi ya mafuta, upande wa pili umeliwa na mchwa. Kilitoka kwenye fremu ya mlango wa kuchonga wa nyumba ya zamani kule Pangani, chini ya bati la kufuli. Mwenye nyumba alitaka fremu iungwe kwa mbao ileile, si nyingine.

"Yeye anasema ni msaji wa India, alirithi maneno hayo kwa babu yake," kijana akaniambia. "Bosi wangu anasema mvule. Na mzee mmoja mchongaji wa Ngamiani ameilamba, akasema mbambakofi. Sasa Mwalimu, mkweli nani?"

Mimi sikuwahi kuwa mwalimu. Nilikuwa fundi sanifu wa maabara katika shule ya sekondari kwa miaka 26, kazi yangu kuosha mirija ya vioo na kuwapangia wanafunzi hadubini. Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa majahazi pale Sahare, na nyumba yetu haikukosa vipande vya mbao hata siku moja. Nilipostaafu nikanunua hadubini kuukuu yenye lenzi tatu, nikaanza kutazama vile vipande vyake kimoja kimoja. Basi mafundi wakaniita Mwalimu, nami nimeacha kuwakataza.

Nitaeleza ninavyofanya, na kile kijipande cha Pangani kitatufuata njia nzima, maana kilinidanganya mara moja kabla hakijasema kweli.

Kabla ya wembe

Swali la "huu ni mti gani?" ni kubwa mno. Miti ya mbao duniani ni maelfu kwa maelfu. Swali la "je, ni msaji, mvule au mbambakofi?" linajibika, kwa sababu unajua wapi pa kutazama. Kwa hiyo kaa kwanza na mwenye mali, mnywe chai, umuulize nyumba ilijengwa lini, ilikarabatiwa mara ngapi, fundi alikuwa mtu wa wapi. Majibu yake usiyaamini wala usiyadharau, yaandike tu.

Ukiruhusiwa kuchagua, chukua mchemraba wa sentimita moja kila upande, kutoka mbao ya ndani yenye rangi, mbali na kifundo na mbali na ncha ya tawi. Mbao ya kifundo imepindapinda, itakupotosha. Ukinyimwa, chukua kibanzi kama changu mahali pasipoonekana: chini ya bawaba, nyuma ya kitasa, ndani ya tundu la komeo. Kitie kwenye bahasha, andika kwa penseli. Nasema penseli kwa sababu wino ulishaniponza. Siku moja nilirowesha vipande viwili kwa spiriti, maandishi yakayeyuka, nikamwambia mtu kabati lake ni la mkangazi kumbe nilikuwa nimesoma mguu wa kitanda cha mtu mwingine. Alikwisha kulitangaza kwa bei ya mkangazi. Hatusalimiani vizuri mpaka leo.

Halafu usikimbilie hadubini. Chukua lenzi ya mkono inayokuza mara kumi, wembe mpya, na maji. Kata kichwa cha ubao, yaani pale nyuzi zinapokatika, mkato mmoja safi, lowesha, kisha tazama huku umegeukia dirisha. Miti mingi inajitaja hapo hapo. Mtondoo, ule wa mikono ya majahazi, matundu yake hayakai mawili mawili, kila moja liko peke yake, na yote yamejipanga mshazari kama kundi la ndege warukao. Mpingo unajitaja hata kabla ya lenzi: utupe ndani ya maji, utazama kama jiwe. Mkulo wa milimani Usambara una harufu ya kafuri ukikwanguliwa. Msaji mpya unanuka kama ngozi. Lakini mbao ya mlango uliopakwa rangi mara tano hainuki kitu zaidi ya rangi, na mzee wa kulamba, kwa heshima zake zote, alikuwa ameonja mafuta ya rangi.

Kwa lenzi ya mkono, msaji na mvule kwa kawaida hawagombani. Msaji una pete za ukuaji, na mwanzoni mwa kila pete kuna mstari wa matundu makubwa, kisha yanakuwa madogo kadiri unavyokwenda nje. Mvule matundu yake yametapakaa sawasawa, na kila tundu limezungukwa na rangi nyeupe iliyonyooka pande mbili kama mbawa za kipepeo. Tatizo la kibanzi cha milimita nne ni kwamba pete ya msaji ulioota haraka inaweza kuwa pana kuliko kibanzi chote. Unaweza kuwa umekata katikati ya pete usione mwanzo wala mwisho wake. Hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu, na hapo ndipo hadubini inapostahili kufunuliwa kitambaa.

Sufuria

Mbao kavu haikatiki vizuri, inapasuka. Ichemshe. Tumia sufuria ya kazi hiyo tu, isiyorudi jikoni, kwa sababu baadhi ya miti ina sumu na harufu yake haiondoki. Maji ya kawaida, moto mdogo. Mbao nyepesi huelea mwanzoni kwa sababu ya hewa iliyo ndani yake, nayo ikishazama ujue maji yamechukua nafasi ya hewa na wembe utapita. Podo na miti laini huchukua nusu saa au saa. Mvule saa mbili tatu. Mpingo hauna alama ya kuzama, umekwisha kuzama tangu ulipotumbukizwa. Huo nauchemsha siku nzima kwa maji yaliyochanganywa gliserini nusu kwa nusu, nauacha umo usiku, na kesho bado unanipinga.

Mbao iliyooza, au iliyokaa miaka chini ya maji, usiichemshe kabisa. Itageuka uji. Hiyo igandishe kwenye jokofu ikiwa na maji yake, uikate ingali barafu, haraka haraka kabla vidole havijaiyeyusha.

Wembe

Hapa ndipo watu wengi huharibu, kisha wakailaumu hadubini. Maabara kubwa zina maikrotomu, mashine ya kisu kizito kinachoteleza juu ya reli na kukata ukanda wenye unene wa maikromita 15 hadi 25. Unywele wa mtu una maikromita kama 50 hadi 100, sasa pima mwenyewe. Mimi sina maikrotomu. Nina nyembe za kunyolea zenye makali upande mmoja, nazinunua pakiti kwa pakiti, na sikati zaidi ya mikato mitano kwa wembe mmoja. Kwa msaji natupa hata kabla ya hapo, maana ndani yake mna silika, kitu kilekile cha mchanga, nacho hula makali. Mvule nao una vituko vyake: baadhi ya miti huficha mawe ndani, madonge magumu ya kalisi kaboneti. Mume wangu alivunja randa mbili kwa mawe hayo. Ukikutana na punje nyeupe na una shaka, idondoshee siki, ikitoa povu ni kaboneti.

Ushike mchemraba kwa mkono wa kushoto, au uubane kwenye jiliwa dogo. Lowesha uso wake, lowesha na wembe. Kisha usisukume kama unayemenya muhogo. Vuta wembe mshazari kuelekea kwako huku ukiuteleza upande, kama unavyokata samaki asivunjike, na ulenge kuchukua kiasi kidogo kuliko unavyodhani unaweza. Huhitaji ukanda mkamilifu. Unahitaji kipande ambacho ukingo wake mmoja ni mwembamba hata mwanga upite, kwani utasoma ukingo huo tu. Kata kumi, chagua viwili.

Sasa kuna nyuso tatu, na lazima ukate zote tatu. Sisemi inafaa, nasema lazima.

Wa kwanza ni uso wa kichwa, unaokata nyuzi. Hapa unaona matundu, yaani mirija iliyopandisha maji mti ulipokuwa hai, na jinsi seli laini za kuhifadhi chakula, ziitwazo parenkima, zilivyokaa kando yake.

Wa pili ni uso unaofuata mstari kutoka gome hadi moyo wa mti. Humo miale, ile mistari inayotoka katikati kama miti ya gurudumu, inalala ubavu na kuonekana kama ukuta wa matofali. Huu ndio uso mgumu kupatikana, kwa sababu ukikosea nyuzi chache tu, tofali zinakatika njiani. Ukiona vipande vifupi vifupi vya ukuta badala ya ukuta mrefu, umekwenda upande. Geuza mchemraba kidogo ukate tena.

Wa tatu unakata miale hiyo kwa mbele, kama anayeziona boriti kwa vichwa vyake ukutani. Kila mwale unaonekana kama mtumbwi uliosimamishwa wima. Hapa utahesabu mwale una upana wa seli ngapi, na utajua kama mitumbwi imetapakaa ovyo au imepangwa safu juu ya safu kama ghorofa. Mpingo na mninga miale yao imepangwa ghorofa. Ukiuziwa kinyago cheusi ukashuku kuwa ni mti mwingine uliopakwa dawa ya viatu, uso huu ndio utakaokuambia. Hata mpingo wa kweli wa nchi nyingine, ule wa jamii ya Diospyros ambao nao ni mweusi, kwa kawaida hauna ghorofa hizo, na kwenye uso wa kichwa una vijistari vyembamba sana vya parenkima vinavyokatiza miale kama wavu.

Kwenye slaidi

Tone la gliserini iliyochanganywa na maji, kipande chako, kifuniko cha kioo. Ukiona viduara vyeusi vyenye pambizo nene, hiyo ni hewa, si seli. Kila mwanafunzi wangu wa zamani amewahi kuichora akadhani ni seli. Pitisha slaidi juu ya moto wa mshumaa, mbali kidogo, mpaka vipovu vitoke.

Nikiwa na safranini natia tone, inapaka kuta za seli rangi nyekundu. Nikiwa sina, sihangaiki. Kwa mbao nyeusi kama mpingo kinyume chake ndicho kinachotakiwa, kuondoa rangi: dakika chache ndani ya jiki iliyopunguzwa kwa maji, kisha suuza mara tatu. Na tafadhali, jiki na siki visikutane kwenye chombo kimoja, vinatoa hewa ya sumu. Siki ya majaribio ya mawe kaa nayo meza nyingine.

Anza na lenzi ndogo kabisa. Najua unatamani ile kubwa. Anza na ndogo, zunguka kipande chote kama mtu anayekagua shamba kabla ya kulilima, ndipo upande.

Usiku ule wa kibanzi cha Pangani nilikata uso wa kichwa tu. Ulikuwa mwembamba, mzuri, nikajivunia. Matundu yametapakaa, hakuna mstari wa pete, na kila tundu lina mbawa. Nikampigia simu kijana saa nne usiku: ni mvule, bosi wako kasema kweli. Akafurahi, kwa sababu mvule alikuwa nao.

Asubuhi, baada ya chai, nikakata uso wa tatu kwa ajili ya kumbukumbu tu. Miale ilikuwa myembamba, seli mbili, mahali pengine tatu. Nikaondoa jicho kwenye lenzi, nikasafisha miwani, nikatazama tena. Miale ya mvule kwa kawaida ni mipana zaidi, seli tatu, nne, hata tano. Ya msaji vilevile. Huu ulikuwa mti mwingine, na mimi nilikuwa nimeshasema kwenye simu.

Mbawa si za mvule peke yake. Mbambakofi una mbawa, mninga una mbawa, hata mwembe. Ukisoma uso mmoja ni kama kumtambua mtu kwa kofia.

Mwanga wa vioo viwili

Kitu kilichomaliza ubishi kinapatikana bila fedha nyingi. Kwenye skrini ya kikokotoo kilichokufa, au simu ya zamani, kuna karatasi ya plastiki ya kijivu inayochuja mwanga upite kwa mkao mmoja tu. Wengine huiita polaraiza. Bandua mbili. Moja iweke juu ya taa ya hadubini, chini ya slaidi. Nyingine iweke juu ya slaidi, au juu ya lenzi ya jicho. Zungusha moja polepole mpaka uwanja wote uwe giza.

Kwenye giza hilo baadhi ya vitu vinabaki kuwaka. Kuta za seli zinawaka kiasi. Punje za wanga zinawaka zikiwa na msalaba mweusi katikati. Na fuwele za kalisi oksaleti, ambazo kwenye mwanga wa kawaida hata huzioni, zinang'aa kama vipande vya chupa kwenye mchanga wa Raskazone saa sita mchana. Punje za silika haziwaki, zinabaki giza. Kwa hiyo ukiona punje kwenye mwanga wa kawaida, ukazungusha kichujio ikatoweka, huenda ni silika, na ikiwaka ni fuwele.

Fuwele zenyewe zina makao. Katika mvule zimekaa ndani ya miale, hasa kwenye seli za pembeni. Katika mbambakofi zimo kwenye parenkima inayofuata nyuzi, moja kwa kila kijichumba, zimetungwa wima kama shanga kiunoni mwa mtoto. Nilipozungusha kichujio juu ya kibanzi cha Pangani, shanga zikawaka safu mbili, tatu, nne. Nikatafuta nyuzi zenye pingili ndani kama mianzi, ambazo ni za msaji, sikuziona. Mzee wa kulamba alikuwa amesema kweli. Alijuaje, Mungu ndiye ajuaye.

Nikampigia simu kijana mara ya pili. Hiyo simu ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza.

Mwanga mwingine wa bei nafuu ni tochi ya kukagulia noti bandia, ile ya urujuanimno. Weka vibanzi vya mninga ndani ya glasi ya maji safi, subiri kidogo, zima taa, mulika. Maji hutoa mng'ao wa kibuluu. Watoto wa mtaani huja kuangalia hilo kila likizo, na nimeacha kuwatoza biskuti.

Boriti

Niseme kidogo kuhusu boriti, kwa sababu nyumba za mawe za mwambao wetu zimebebwa nazo na watu wanazibadilisha bila kujua wametoa nini. Ukipata kipande cha boriti ya kale, kata uso wa pili, ule wa matofali, utafute mahali mrija mmoja unapoungana na mwenzake. Katika miti mingi pale pana tundu duara lililo wazi. Katika mkoko pana ngazi: vipago vichache vimekatiza tundu, kama ngazi ya kupandia dari. Muia na mkandaa ni ndugu zake, nao wana ngazi. Mlilana hauna. Ukiona ngazi katika boriti ya pwani, umeshawatenga nusu ya wakazi wa mikandaani.

Mchu hauhitaji hata hadubini. Kichwa chake kina duara ndani ya duara, na wengi huzihesabu wakidhani ni miaka. Si miaka. Ni tabaka za tishu za kusafirisha chakula ambazo mti huo hujitengenezea ndani ya mbao yake, moja baada ya nyingine, kwa ratiba yake mwenyewe.

Hadubini yako ikigota

Yapo mambo ambayo hadubini ya mwanga haifiki. Kwenye kuta za mirija kuna vishimo vidogo vya kupitishia maji, na katika miti ya jamii ya kunde, mpingo, mninga na mbambakofi wakiwemo, midomo ya vishimo hivyo imeota vinundu ndani kama matumbawe. Msaji na mvule hawana. Kwa hadubini yangu naona ukungu tu. Kwa hadubini ya elektroni inayopapasa uso wa kitu, vinundu vinaonekana kimoja kimoja.

Mashine hiyo haitumii mwanga. Inarusha mwale wa elektroni juu ya kipande kilichowekwa ndani ya chumba kisicho na hewa, na picha inatoka nyeusi na nyeupe, yenye kina, kana kwamba unaweza kuingiza kidole. Huna haja ya kuinunua, unahitaji kumjua mtu wa maabara ya chuo na kumpelekea kipande kilichoandaliwa vizuri ili asikichoke. Kiwe kikavu kabisa, kwa sababu unyevu unaharibu ombwe. Kiwe kidogo, nusu sentimita inatosha. Uso unaoutaka ukatwe kwa wembe mpya, na usiguswe tena na kidole, mafuta ya ngozi yanaonekana kama matope. Weka alama upande wa chini, andika ni uso gani. Wao watakipaka dhahabu nyembamba mno ili umeme usijikusanye juu yake. Usitie gliserini, usitie safranini, usitie gundi. Nusu iliyobaki ya kibanzi cha Pangani ilikwenda hivyo, kwa basi, ndani ya kikopo cha dawa, na picha iliyorudi kwenye simu yangu ilikuwa na matumbawe kila kishimo.

Mkaa ni rahisi kuliko unavyodhani. Usiukate, uvunje kwa vidole, uso unaotokea huwa safi. Hadubini ya elektroni inaupenda, lakini hata hadubini ya kawaida yenye mwanga unaotoka juu inatosha kwa mengi, kwani muundo wa mti hubaki hata baada ya tanuri. Wanaosafirisha mkaa wakidhani mti ukishachomwa hautambuliki wangejua, wangekuwa na wasiwasi zaidi barabarani.

Na kama kitu hakiwezi kuguswa kabisa, sema msahafu wenye jalada la mbao au zumari ya kale, ipo mashine ya eksirei ya kukata picha tabaka kwa tabaka bila wembe. Kitu kikiwa kikubwa, picha inakuwa chafu zaidi. Kwa zumari inafaa, kwa mlango hapana.

Kulinganisha na kuandika jibu

Macho peke yake hayatoshi, unahitaji mbao unazozijua kwa hakika. Mimi nina kabati la viberiti 140, kila kimoja na kipande kutoka mti niliouona umesimama, wenye majani yake, au uliothibitishwa na mtu wa misitu. Msaji wangu ni masalia kutoka shamba la Longuza kule Muheza. Mfenesi ni wa uani kwangu, ulioangushwa na upepo. Huo niliutaka makusudi, maana mfenesi na mvule ni jamii moja na wote wanaweza kuwa na mirija ya utomvu ndani ya miale. Bila kuviweka viwili pamoja utavichanganya.

Ukiwa na intaneti, ingia InsideWood, hazina ya picha na maelezo ya mbao inayotunzwa na Chuo Kikuu cha North Carolina State, Marekani. Ni bure. Inafuata orodha ya sifa iliyotolewa na chama cha kimataifa cha wataalamu wa mbao mwaka 1989, na kila sifa ina namba yake: miale ya ghorofa, fuwele katika vijichumba, ngazi, kila kitu. Unaandika namba za ulichokiona, inakuletea miti inayolingana. Ushauri wangu ni mmoja: andika ulichokiona, usiandike ambacho hukukiona. Kutoona fuwele kwenye kibanzi kidogo hakumaanishi mti hauna. Niliwahi kuandika "haina" mara moja, na mti sahihi ukafutwa kwenye orodha papo hapo.

Kisha andika jibu kwa kiasi unachokijua. Hadubini, hata ile ya elektroni, kwa kawaida inakufikisha kwenye ukoo, si kwa mtu mwenyewe. Naweza kusema hii ni Pterocarpus. Siwezi kuapa kama ni mninga au mkurungu. Ndiyo maana hata CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, umeorodhesha koo nzima: Dalbergia wote, mpingo ukiwemo, tangu Januari 2017, na mkutano wa Panama wa 2022 ukaongeza Pterocarpus, Afzelia na Khaya za Afrika. Afzelia ndiyo mbambakofi, Khaya ndiyo mkangazi. Mbao hizo zikitaka kuvuka mpaka zinahitaji karatasi, na mtu atakayekuja kwako akisema "niandikie tu ni mvule" mpe chai umrudishe.

Mimi niliandika hivi: "Afzelia, kwa eneo hili karibu hakika mbambakofi. Nyuso tatu zimesomwa. Fuwele katika vijichumba, miale seli 1 hadi 3, vishimo vyenye vinundu. Si msaji, si mvule." Nikaongeza chini: "Jibu la simu la tarehe ya kwanza lilikuwa la uso mmoja, lifutwe."

Mwenye nyumba hakupenda. Alikaa kimya kwenye simu, kisha akaniuliza kama mti huo unaota India. Nikamwambia huu ni mti wa mwambao na bara letu, huenda babu yake aliuona umesimama. Akasema ataulizana na ndugu zake.

Kijana alikuja tena juzi, na kipande cha boriti safari hii, kutoka nyumba ileile, rangi ya damu ya mzee ndani. Anasema ni mkomafi, mti mwingine wa mikandaani. Sijamjibu. Kimo ndani ya sufuria tangu alfajiri, nacho bado kinaelea.